Kikombe Kilichofurika

Kabla korongo hili halijapasuka na ziwa hili halijatanda, nyika hii ilikuwa tambarare, na magofu mliyoyapiga picha asubuhi yalikuwa mji wenye watu, ngamia na kelele. Langoni mwa mji huo palikuwa na nyumba ya wageni ya mjane aliyeitwa Zeinep.

Huku kwetu mgeni hajaziwi kikombe cha chai. Humiminiwa nusu kikombe, akirudishe, amiminiwe tena, na hivyo ndivyo anavyoambiwa akae. Kikombe kikijaa hadi ukingoni, maana yake ni moja tu: kunywa, uende zako. Hata watoto walilijua hilo.

Zeinep alikuwa na mtoto mmoja, Botai. Kijana alipomgawia rafiki farasi wa marehemu baba yake, mama alihamaki akamwambia, "Toka, nisikuone tena!" Botai alikuwa na kichwa kigumu kama mamaye. Akatoka kweli. Kwa miaka tisa Zeinep aliwapokea wageni huku moyo ukimuuma, akizichungulia nyuso zao moja moja.

Mwaka wa kumi, adhuhuri ya kiangazi, Botai akaingia, amekonda, vumbi hadi kwenye kope. Akaketi karibu na mlango, akingoja kuona mama atammiminiaje. Zeinep alimtambua papo hapo. Machozi ya furaha yakamziba macho, na mkono uliopima nusu vikombe miaka thelathini ukasahau kazi yake. Akamimina, akamimina, hadi chai ikafurika.

Botai akakitazama kikombe. Akanywa yote.

"Nimekuelewa, mama. Asante kwa chai."

Akatoka, na Zeinep alidhani anakwenda kumfungulia farasi wake tandiko. Alipotoka kumwita, aliona vumbi tu.

Akakimbia akilia, "Rudi, mwanangu! Nimekosea mimi!" Alipopita, ardhi ikapasuka nyuma yake, likawa korongo. Alipoanguka, machozi yake yakajaa bondeni, yakaizamisha misonobari ikiwa imesimama. Mto wa mji ukaacha njia yake, ukamfuata. Mji ukakosa maji, watu wakahama.

Na tangu siku hiyo miti ile imesimama ziwani, mikavu, na kila anayetembeza wageni hapa humimina kwanza nusu kikombe kwa ajili ya Botai, akakiweka juu ya jiwe linaloelekea barabarani. Basi msinung'unike mkipewa chai kidogo, rudisheni vikombe. Kile cha jiweni tutakikuta jioni vilevile, nusu, kimepoa.