Jiwe Aliloliinua Nicanor

Wengi husema "ukiona vyaelea, vimeundwa" wakikusudia vyombo vya majini. Bondeni kwetu Tafí hakuna kinachoelea ila bata, lakini maana yake tunaijua: kitu ukikikuta kimetulia mahali pake, jua kuna mtu aliyekaa chini akakifikiria. Nicanor Yapura alichelewa kuijua maana hiyo.

Nicanor alikuwa mkulima wa viazi, mpenda unadhifu wa kupindukia. Ukuta wake ulinyooka, kofia yake ilinyooka, hata ng'ombe aliwafunga mstari mmoja. Kitu kimoja tu kilimkera: jiwe refu la wahenga lililosimama kando ya shamba lake, limeinama kuelekea mfereji kama mlevi anayetafuta kiatu. Basi binti yake Delmira alipokaribia kuolewa, na wakwe wakawa wanatoka mjini na kamera zao, Nicanor alifunga maksai wawili, akaita vijana, wakalivuta jiwe mpaka likasimama wima. Watu wakamsifu, picha zikapigwa, naye akavimba kichwa.

Jirani yake wa upande wa chini, mjane Fortunata Guanco, alicheza harusi ile mpaka soli zikalegea. Wawili hao waligawana mfereji mmoja tangu enzi za babu zao. Asubuhi maji yalikuwa ya Nicanor. Alasiri, kivuli cha jiwe kikigusa mfereji, alifunga lango lake la mfereji, maji yakateremka kwa Fortunata hadi machweo. Hakuna aliyehitaji saa wala hakimu.

Mwezi wa kumi ukaingia, mvua hakuna. Viazi vya Nicanor vikanawiri. Vya Fortunata vikaanza kunyauka, na hivyo ndivyo vilivyokuwa chakula chake cha mwaka mzima pamoja na mbegu. Akamuuliza jirani yake kama anachelewa kufunga. Nicanor akaapa kwa mama yake mzazi kwamba hufunga kivuli kinapogusa tu, na kweli hakudanganya. Kosa lake ni kuongeza neno ambalo heri angelimeza: eti viazi havipendi mkulima mvivu. Fortunata akaacha kumpelekea jibini, na dukani watu wakaanza kunong'ona neno mwizi. Iliuma, kwa sababu walikuwa wamependana kama ndugu.

Siku moja, baada ya chakula cha mchana, Fortunata alikuja na sufu yake na vijiti vya kusokotea uzi, akaketi kando ya mfereji bila hata salamu. Akasokota. Nicanor akajifanya anapalilia. Kivuli kilipogusa maji hatimaye, mama yule akamwita.

"Jirani, miaka thelathini nikianza kusokota baada ya kula, kijiti kimoja hujaa kivuli kikigusa. Leo nimejaza kimoja na nusu. Mimi sijawa mwepesi uzeeni, na jua halijapata kilema. Sasa niambie nani kabadilika."

Nicanor akalitazama jiwe, akautazama mfereji. Uso ukamsawijika.

"Maskini mimi. Tangu nilipolinyoosha jiwe, kivuli chake huchelewa kufika. Kumbe nimekuwa nikikuibia maji mchana kweupe."

"Tena wizi wako una picha za ukumbusho," alisema Fortunata, "na mimi nimo humo, nacheka."

Kuliinua jiwe kulichukua siku moja. Kuliinamisha kulichukua tisa, maana hakuna aliyewahi kupima lilivyokuwa. Kila asubuhi maksai walivuta kidogo. Kila alasiri Fortunata alisokota, kisha akatikisa kichwa. Kuna siku walizidisha, maji yakamfikia mapema mno, naye akasema liachwe hivyo hivyo, limependeza. Wakacheka mpaka maksai wakageuka kuwatazama.

Siku ya tisa Nicanor alichimba shinani ili aondoe udongo uliozuia. Akakuta mawe bapa yaliyopangwa upande mmoja tu, moja juu ya jingine, kama mto wa kulalia. Jiwe likaegemea pale lenyewe, likatulia. Alasiri ile kijiti kilijaa, na papo hapo kivuli kikagusa maji. Viazi vya Fortunata vilifufuka wiki hiyo hiyo.

Kijana mmoja akauliza ni nani aliyeyapanga mawe yale.

"Simjui," alisema Nicanor, kofia mkononi. "Lakini alimfikiria jirani wa chini kabla mimi sijazaliwa."

Hakika, ukiona vyaelea, vimeundwa.