Picha Iliyoshushwa Ukutani kwa Bi Zuwena

Sogeeni niwape kisa cha nyumba moja ya Pangani, maana mwenyewe kimemshinda kukikatia shauri.

Bi Zuwena alikuwa na watoto watatu, na kila mmoja alijaliwa lake. Nuhu, mkubwa, alisoma dini na hakutaka kulala na jambo lenye shaka. Salha, wa kati, alikuwa hodari wa kuuliza. Hakuridhika na jibu la mtu mmoja. Tima, kitindamimba, alikuwa muuguzi, na sura akishaiona haimtoki.

Sebuleni kwa Bi Zuwena ilitundikwa picha moja tu. Ilimwonyesha marehemu mama yake na wasichana wawili: Zuwena wa miaka minne, na dada yake Mwanakheri wa miaka tisa, ambaye unyusi wake wa kushoto ulikatwa na kovu. Muda mfupi baada ya kupigwa picha ile, wazazi waliachana. Baba alikuwa Mngazija, mtu wa Komoro; akarudi kwao na Mwanakheri. Barua zilikuja miaka miwili, kisha zikakoma. Bi Zuwena alizeeka akiitazama picha ile kila asubuhi.

Siku moja Nuhu akamwambia, "Mama, Mtume ametufundisha kwamba malaika hawaingii nyumba yenye picha. Nami napenda waingie kwako. Niruhusu niishushe."

Ilimuuma Bi Zuwena, lakini alijua mwanawe amesema kwa mapenzi. Akakubali. Nuhu akaishusha kwa mikono miwili, taratibu, kama anayembeba mtoto aliyelala.

Wifi yake Bi Zuwena, aliyekuwapo, akasema, "Basi ichomwe, tumalize." Nuhu hakumpinga. Salha ndiye aliyesema, "Subirini niulize." Akaenda kwa masheikh wawili. Wa kwanza alimwambia kuwa kila picha ya chenye roho ni haramu, hata ya kamera. Wa pili alimwambia kuwa picha ya kamera ni kivuli kilichonaswa tu, si kuiga uumbaji. Isitundikwe kutukuzwa, lakini kuihifadhi kwa haja hakuna ubaya. Salha akarudi na kusema, "Wanazuoni wamekhitilafiana. Tusiitundike, na tusiichome." Akaifunga kwenye kitambaa, akaitia katika kopo la biskuti, akaenda nalo nyumbani kwake.

Masika ya mwaka huo mvua iliuporomosha ukuta ule wa sebule ya Bi Zuwena. Saa na vyote vilivyotundikwa pale vilisagika matopeni.

Mwaka uliofuata, Tima alikuwa kazini katika hospitali ya macho Dar es Salaam. Aliletwa bibi mmoja kutoka Ngazija, aliyekuja kutolewa mtoto wa jicho. Tima alipokuwa akimsafisha uso, aliona unyusi wa kushoto umekatika. Akaikumbuka picha ya sebuleni kwa mama yake.

"Shikamoo, bibi. Mama yako alizikwa wapi?"

"Marahaba. Nasikia Pangani, mwanangu. Sikuwahi kuliona kaburi."

Tima akampigia simu Salha alete kopo. Bandeji za upasuaji zilipoondolewa, bibi aliishika picha karibu na uso.

"Huyu mdogo aliyenishika nguo," akauliza, "yu hai?"

Alikuwa hai, na kesho yake alikuwa ameketi kando ya kitanda kile. Waliitana majina ya utotoni na kumshukuru Mungu mpaka wauguzi wengine nao wakalia.

Bi Mwanakheri alikuja Pangani, akalizuru kaburi la mama yake. Kabla ya kurudi alitoa msahafu ulioandikwa kwa mkono na babu yao. "Baba aliusia apewe atakayetukutanisha," alisema. "Sina mtoto. Zuwena, watoto ni wako, amua wewe."

Nuhu akasema, "Mpe Salha. Mimi ningeiacha ichomwe."

Salha akasema, "Mpe kaka. Ingebaki ukutani, leo tungekuwa na matope tu."

Tima akasema, "Mimi nilisafisha uso wa mgonjwa, basi. Hiyo ni kazi yangu."

Bi Zuwena aliwatazama mmoja mmoja. Kwa kila mmoja moyo wake ulijaa shukrani, na kwa kila mmoja aliona kwamba bila yeye angekufa bila kumwona dada yake. Msahafu ni mmoja, haugawanyiki kurasa. Dada anaondoka Alhamisi, na anataka kuuona umekabidhiwa.

Haya, nyinyi mliosikia yote: mngekuwa Bi Zuwena, mngeuweka mikononi mwa nani?