Wimbo Alioukata Fisi

Nikiita, mtaitika?
*Tutaitika!*
Nikichelewa, mtaningoja?
*Tutakungoja!*
Basi kaeni vizuri, wanangu, miguu ikunjeni, tuanze.

Hapo kale, kwenye majabali juu ya mto, wanyama walikuwa na kikao cha watunzi. Kila Ijumaa, jua likishapoa, kila mmoja alikuja na hadithi yake, ameichora kwa mwiba kwenye jani kavu la mgomba. Alisoma, wenzake wakasikiliza, kisha wakamwambia palipopendeza na palipopwaya.

Mwenyekiti alikuwa Fisi. Hakuchaguliwa, alikalia jiwe kubwa, basi. Naye akaweka sheria mbili. Ya kwanza: mwenye hadithi akikosolewa, asifungue mdomo. Ya pili: kinachokatwa ni mali ya aliyekikata.

Kanga akasoma. Fisi akasikiliza, Fisi akatikisa kichwa, Fisi akasema, "Hapa pamelegea." Nyafu! Akang'ata kipande cha jani, akakitia mkobani.

Mzee Kobe akasoma. Fisi akasikiliza, Fisi akatikisa kichwa, Fisi akasema, "Hapa pamelegea." Nyafu!

Ajabu ni kwamba palipolegea palikuwa kila mara ndipo palipo patamu. Jumamosi Fisi alikwenda karamuni, akavisema vile vipande kama vyake, akapewa mifupa yenye nyama, akaitafuna kru! kru! kru!

Kikaoni alikuwamo Bi Pimbi, mdogo kuliko wote. Mwaka wa mafuriko, mto ulimchukua mwanawe Katumbu, wala hakuonekana tena. Sasa, desturi ya majabalini ilikuwa hii: kila aliyekufa ana wimbo wake wa kuagwa, na huimbwa mara moja tu. Ukiimbwa, moto huzimwa, vyungu hufunikwa, na kila aliyeusikia huenda kwa mfiwa kulia naye. Bi Pimbi hakuuimba. Majirani walipokuja kumpa pole aliwaambia, "Pole ya nini? Mwanangu amechelewa tu." Wakarudi makwao.

Siku moja akaleta kikaoni hadithi ya mtoto aliyemwamsha mama yake kila asubuhi kwa kumpuliza sikioni: "Fuu! Mama, jua limekutangulia." Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya Katumbu.

"Maneno ya kitoto," akasema Fisi. "Hapa pamelegea." Nyafu!

Jumapili Kanga akaja mbio. "Shoga, jana Fisi kayasema yale maneno ya mwanao mbele za watu! Kabana pua, kaigiza sauti ya mtoto. Watu wamecheka mpaka wakagaagaa chini."

Bi Pimbi hakula siku mbili. Siku ya tatu akavunja mwiba mpya. Alijua jambo moja kuhusu Fisi: hakuwahi kusikia wimbo wa kuagwa, maana mazikoni yeye hufika watu wakishaondoka. Alijua na jambo la pili, zito zaidi. Wimbo wa kubuni usingefaa. Fisi hang'ati kisicho cha kweli.

Ijumaa akasoma hadithi ya mama anayengoja, na katikati yake mistari hii:

*Katumbu ee, nilikuita, hukuitika.*
*Katumbu ee, nilikuwekea, hukula.*
*Katumbu ee, nenda, sikuiti tena.*

Aliisoma tu, hakuiimba. Kanga akaficha kichwa ubawani. Mzee Kobe akaingia ndani ya gamba lake.

"Mmeona?" akasema Fisi. "Wenzako wanaona aibu kwa ajili yako! Bi Pimbi, wimbo huu umelegea mno, mama. Kwani unaimbwaje?"

Bi Pimbi akaweka kidole mdomoni. Sheria ya kwanza.

"Basi guna tu!"

Akaguna. "Mm-mmm, mm-mmm."

"Umelegea kabisa," akasema Fisi, udenda unamtoka. Nyafu!

Kesho yake Ngiri alikuwa anaoza binti. Vyungu vinachemka, toko-toko-toko. Fisi akapanda juu ya gogo, akafumba macho, akaimba. Mstari wa kwanza, ngoma zikanyamaza. Mstari wa pili, bibi harusi akavua ushanga. Mstari wa tatu, Ngiri akamwagia moto maji: chwaaa!

Fisi akafumbua macho. "Mbona mnafunika vyungu?"

"Umeimba wimbo wa kuagwa," akasema Ngiri. "Huyu Katumbu ni wa nani?"

"Wangu! Nimemtunga mwenyewe!"

"Mwanao? Kafa lini?"

"Hajafa! Yaani, hajazaliwa... Jamani, na mifupa yangu?"

Mzee Kobe akatoa shingo polepole. "Katumbu ni wa Bi Pimbi," akasema. "Jana tulimsikia akiusoma."

Wakamtimua Fisi kwa miiko, pa! pa! pa!, akateremka bondeni na tumbo tupu. Jiwe lile hakulikalia tena.

Bi Pimbi alikuwa mlangoni pake. Alimwona Fisi akipita mbio, mkia kaufyata, akacheka. Alicheka kidogo, peke yake. Kisha akawaona wengine. Walikuwa wanapanda, mikono kichwani, Ngiri na bibi harusi, Kanga, na nyuma kabisa Mzee Kobe, wote wanalia kwa sauti moja: Katumbu ee. Alijua tangu alipovunja mwiba kwamba watakuja. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kuwaona wanapanda ni kingine. Alitamani kufunga mlango.

Kanga akafika, akasimama mbele yake, asijue aweke wapi miguu.

"Shoga," akauliza, "leo tukupe pole?"

Bi Pimbi aliutazama mto.

"Nipeni," akasema.

Basi, wanangu, funzo la hadithi hii ni wazi. Mkiandika, msiandike yanayowauma. Andikeni habari za maua. Fisi hali maua, na hakuna atakayepanda majabali kuja kulia nanyi.

Hadithi imefika kwao. Na sisi twendeni kwetu.