Mlizamu Uliovaa Joho la Kijani

Waliotutangulia wametupa habari hii nasi twaitoa kama tulivyoipokea, na ajuaye yote ni Mola peke yake: katika mji wa Sumaha, uliojengwa kwa mawe na chokaa juu ya mwamba usio na mto wala kisima, alitawala Sultani Ghalibu bin Mundhiri, mwenye majeshi na farasi na hazina, asiyeshindwa na mfalme yeyote ila na mvua.

Kwani watu wa Sumaha hunywa maji ya mvua, na kila paa lina mlizamu wake, ndio ule mfereji uliopo chini ya ukingo, unaopokea maji na kuyapeleka birikani. Milizamu ya jumba la Sultani ilikuwa ya mti, na mti ukaoza, na maji yakapenya ukutani yakala chokaa, hata siku moja ukuta wa chumba cha Binti Sultani, Bi Thuwaiba, ukaporomoka mchana kweupe naye yumo ndani anasoma kitabu. Akatoka salama, mweupe kama aliyetumbukia kwenye unga. Sultani akaghadhibika na akapiga mbiu: "Atakayenitengenezea mlizamu utakaopita masika saba bila kudondosha tone ukutani, nitampa litakalotamkwa na ulimi wake. Na atakayejaribu akashindwa, nitamkata mkono wa kulia."

Seremala akajaribu kwa mti mgumu, nao ukaoza, na mhunzi akajaribu kwa chuma, na chuma kikashika kutu na maji ya birika yakawa mekundu. Wote wawili wakabaki kula kwa mkono wa kushoto, na mafundi wengine wa mji wakajifanya hawakusikia mbiu.

Alikuwapo mfua shaba maskini jina lake Sarhani, fundi wa sufuria na sinia, kijana mwema ila ana ugonjwa mmoja, nao ni kuuliza kwa nini. Siku dada yake alipoolewa alimwuliza kadhi maswali mpaka pilau likapoa, na mama yake hajamsamehe mpaka leo. Siku moja wachoma chokaa wakamletea mtungi wa shaba waliouchimbua mwambani, umekuwa kijani kitupu, wakamwambia auyeyushe. Sarhani akaukwangua kidogo kwa tupa, na chini ya ule ukijani akaona shaba nyekundu, nzima, kama iliyofuliwa jana.

"Mbona nje mzee na ndani kijana?" akauuliza mtungi, na akaendelea kukwangua mpaka kifuniko kikafyatuka, na moshi ukatoka, na moshi ukawa jini, na kichwa cha jini kikagonga dari.

"Ewe mwanadamu," likanguruma, "mimi ni Zamhari, niliyefungwa humu miaka mia tisa. Omba jambo moja, dhahabu au ufalme, nikupe niende zangu."

Sarhani alirudi nyuma mpaka ukutani, lakini ugonjwa ni ugonjwa. "Bwana Zamhari, una nguvu zote hizo. Kwa nini hukuutoboa?"

Jini likaketi sakafuni, na machozi yakalilenga, kwani tangu kuumbwa kwake hakuna aliyepata kuliuliza habari zake.

"Ndugu yangu mmoja alifungwa katika pipa la mti," likasema, "na mchwa wakamfungulia kabla mwaka haujaisha. Wa pili alitiwa kwenye kasha la chuma, na kutu ikamtoa mwaka wa arubaini. Mimi nikapewa shaba. Maji ya chumvi yakaiuma, nikafurahi, nikasema sasa inaoza. Kumbe ilikuwa inavaa joho! Joho la kijani, na chini ya joho hilo haikulika tena. Mwanadamu, shaba usiivue joho lake. Wala usiipigilie msumari wa chuma penye maji, maana hao ni wake wenza, mmoja atammaliza mwenzake. Haya, omba."

"Nimekwisha pata," akasema Sarhani. "Nilitaka jibu."

Jini likamtazama kama mtu amtazamavyo mwendawazimu mpole, likacheka, likapotea dirishani.

Sarhani akaenda kwa Sultani, akajifunga kwa ahadi ya mkono wake, na akaeleza kazi atakavyoifanya, na kwamba shaba hiyo isisuguliwe kamwe. Nyuma ya pazia sauti ikasema, "Ewe fundi, kwa nini misumari ya shaba?" Akajibu. "Na kwa nini mfereji uinamie upande mmoja?" Akajibu, maji yasituame. Bi Thuwaiba akauliza tena, naye akajibu tena, mpaka ikaadhiniwa alasiri na Sultani akasinzia kitini.

Milizamu ikapandishwa, ikang'aa nyekundu, na watu wakaja kuitazama kama harusi, na maji yakaingia birikani safi. Lakini masika ya pili shaba ikawa kahawia, na ya nne ikawa nyeusi, na ya tano ikaanza kuwa kijani. Nanyi jueni kwamba huko Sumaha shaba isiyong'aa ni aibu ya nyumba; kila Alhamisi wanawake huisugua kwa ukwaju na mchanga, na ambaye sinia lake limefifia husemwa mtaa mzima. Wakaanza kusema kwamba jumba la Sultani halina mwanamke. Waziri Jabali, aliyechukia kuona fundi akisifiwa, akatia fitina: "Maulana, shaba hii imeoza. Na isuguliwe."

Sarhani akajitupa miguuni pa Sultani. "Maulana, mwenye kuisugua anaiua! Iache mpaka masika ya saba, na mkono wangu ni dhamana." Sultani akaiacha, shingo upande.

Masika ya saba yakaja, na siku ya tatu ya mvua Waziri akaingia barazani mbio, furaha imemjaa usoni: nyuma ya jikoni tone linadondoka ukutani! Wakaenda wote, na tone ni kweli, na tobo ni la ukubwa wa punje ya choroko. Akaitwa mkata mikono. Sarhani akasema, "Maulana, nikateni, lakini kwanza niruhusuni nione kwa nini."

Akapanda ngazi akipapasa kwa mkono ule ule uliongojwa kukatwa. Milizamu yote ilikuwa kijani, isipokuwa kipande kimoja chenye tobo, chekundu, king'aacho, chembamba kama ganda la kitunguu.

"Nani amekisugua?" akapiga kelele.

"Ni mimi," akasema Bi Thuwaiba, na akatoka nje mvuani bila kungoja ruhusa. "Kila Alhamisi, kwa ukwaju na mchanga, miaka saba. Kipande hiki peke yake."

"Kwa nini, mwanangu?" akauliza Sultani, amechoka.

"Nilitaka kujua kama fundi asema kweli, baba. Na sasa najua."

Sultani akaamuru kipande cha jirani, cha kijani, kikatwe ukingoni, na kikaonekana kinene kama siku ya kwanza. Akamwondoa mkata mikono kwa ishara. "Sarhani, tamka unachotaka."

"Nataka kumwuliza Bi Thuwaiba swali moja. Bibi, utaniridhia niwe mumeo?"

"Kwa nini?" akauliza Bi Thuwaiba.

Na Sarhani, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akakosa la kusema, na mwanamke akacheka, na akaridhia.

Wakaoana kwa ngoma za siku saba, na Zamhari akahudhuria, ila alikataa katakata kukaa karibu na sinia. Sarhani akapata mali nyingi kwa kuufungia mji mzima milizamu ya shaba, na kuta za Sumaha zikaacha kuanguka, na watu wakajifunza kwamba si kila kilichofifia ni kichafu, na kwamba kuuliza si ujinga. Tobo la nyuma ya jikoni Bi Thuwaiba alikataa lizibwe. Aliweka chini yake chungu cha mrehani, na kila masika mrehani ule hunywa tone kwa tone, na huchanua.