Bi Siwajibu na Kamba ya Ndege

Mbingu hazifukuzi ndege. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo mama wa bibi harusi, pale alipokuwa akizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, na nyinyi mkatazamana mkacheka. Mnacheka msichokijua. Hebu wekeni michi chini, kinu nacho kina haki ya kupumua, niwaambie maneno hayo yalizaliwa wapi.

Yalizaliwa katika bonde la Rufiji, juu ya dungu la mwanamke aliyeitwa Siwajibu binti Mkumba. Dungu, kwa nyinyi mliozaliwa mkakuta mchele dukani, ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba la mpunga. Mpunga ukianza kutia maziwa, kwelea huja makundi kwa makundi, na asiyelinda havuni. Basi mwenye shamba hukaa juu ya dungu tangu alfajiri mpaka jua linapozama, na kamba zimetoka mkononi mwake kwenda kila pembe ya shamba. Mwisho wa kila kamba kuna makopo na madebe mabovu. Ndege wakitua anavuta, makopo yanalia, ndege wanaruka. Kazi hiyo huitwa kuamia, na msiidharau, maana inachosha kuliko kulima.

Siwajibu alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Sikudhani. Mwaka mmoja mpunga wake ulikuwa umeinamisha vichwa, umebakiza kuvunwa tu, na ndege hawakuwa wameonekana kwa muda. Jua lilikuwa kali. Akashuka mtoni kuoga. Hakufanya kosa jingine, alikwenda kuoga. Aliporudi alikuta shamba limefunikwa na kwelea, na walipoinuka walimwachia mabua. Mwaka ule mama na mwana walichimba mizizi ya ming'oko porini, wakaila mpaka wakaichukia, na Sikudhani, ambaye alikuwa bado mdogo, akaugua nusura afe.

Mtoto alipona. Mama hakupona.

Msimu uliofuata Siwajibu alizikusanya kamba zote za dungu, akaziunga kwenye kamba moja, na hiyo moja akaifunga kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia. Alikula nayo. Aliswali nayo, na kila akirukuu makopo yalilia shambani. Watu wa bonde walimsifu, wakasema kama mnataka kumwona mlinzi, mwangalieni yule. Mavuno yake yakawashinda wote.

Lakini mpunga ulipovunwa na watu wakarudi majumbani, Siwajibu alirudi na kamba. Aliipitisha dirishani, akaifunga kwenye makopo aliyoyatundika juu ya mpapai, akalala nayo mkononi. Ndege walikuwa wamehamia kichwani. Akijilaza tu, wazo linatua: kwa nini ulikwenda mtoni? Akavuta kamba, swaa! Linatua jingine: je, mtoto akiugua tena? Swaa! Majirani walishtuka usingizini, mbwa wakabweka, naye mwenyewe akishtushwa na makopo yake alidhani kuna ndege, akavuta tena. Miaka ikapita hivyo. Binti akakua, kamba haikutoka.

Msidhani hakutafuta dawa. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimwandikia aya za kombe, akanywa. Mganga alimpa hirizi, akaivaa mkono uleule wa kamba. Wote wawili walimwambia atulize moyo, asiwaze. Maskini, walimwongezea kazi. Sasa alifukuza mawazo kwa bidii mpya, na alipogundua kwamba bado anafukuza, akalifukuza na lile wazo la kufukuza.

Sikudhani akaolewa kijiji cha jirani, akashika mimba. Mnajua mila: mimba ya kwanza hurudi kwa mama. Siwajibu alikwisha kutayarisha chumba, kitanda kipya cha kamba, mkeka, kanga za kumbebea mjukuu. Siku moja akaja mama mkwe wa Sikudhani, Bi Hadia, mtu mwenye adabu zake. Alikaa mkekani, akaulizia mavuno, akaulizia afya, kisha akainamisha macho.

"Mwenzangu," alisema, "mtoto ni wako na mila ni mila. Lakini mzazi anataka kulala, na nyumba hii hailali. Tumeona ajifungulie kwangu. Usinielewe vibaya."

Siwajibu alijibu, "Haya." Alimsindikiza mgeni mpaka njia panda kama heshima inavyotaka. Aliporudi alikaa kwenye kile kitanda kipya akalia. Aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na uchungu mkubwa zaidi. Miaka yote hii amemlinda mtoto huyu, na sasa ulinzi wenyewe ndio unaomnyang'anya.

Kesho yake akaenda shambani. Shamba lilikuwa limekwisha kuvunwa, lakini kule angalau makelele yake hayakumkera mtu. Akapanda dunguni, akafunga kamba zake, akakaa kuamia mabua.

Hapo ndipo Bi Nambunga, mtani wake wa kabila la Wangindo, alipomkuta. Mtani mnamjua. Anaweza kukusema mbele ya wakwe na ukacheka, anaweza kubeba jogoo wako na ukamsindikiza. Bi Nambunga alikuwa amebeba majogoo mengi maishani mwake.

"Hodi dunguni! Mla wali, upo?"

"Karibu, mwizi wa kuku."

Bi Nambunga alipanda ngazi akihema, akalitazama shamba tupu, akaitazama kamba. "Unalinda nini, shoga? Waje kuiba mabua?"

Siwajibu alitaka kurudisha mzaha, ukamshinda. Badala yake alimweleza yote, mto, ming'oko, makopo ya mpapai, na Bi Hadia mkekani. Bi Nambunga alisikiliza na mara hii hakucheka. Siwajibu alipomaliza, mtani akachungulia nje. Juu kabisa, kundi la kwelea lilikuwa likipita kwenda mtoni. Mara Bi Nambunga akaruka, akanyakua kombeo lililoning'inia ukutani, akaanza kuwarushia ndege wale madongo yasiyofika hata nusu ya njia.

"Tokeni! Tokeni hapo! Swaa! Wanaharibu mbingu! Siwajibu, vuta kamba, watazimaliza!"

"Nambunga, una wazimu? Mbingu zinaharibikaje na ndege?"

"Haziharibiki?"

"Ndege anapita tu."

"Tangu Mungu aziumbe wamepita wangapi? Hebu tazama vizuri, nionyeshe mkwaruzo mmoja."

Siwajibu akatazama juu. Kundi lilikuwa limekwisha kupita. Palikuwa peupe, kama hapakuwahi kupita kitu. "Hakuna," alisema.

"Haya," alisema Bi Nambunga, akakaa, akaweka kombeo magotini. "Lile wazo la mtoni, jana lilikuja?"

"Lilikuja."

"Likaondoka?"

"Likaondoka. Likaja jingine."

"Na wewe uliyeliona likija ukaliona likiondoka, uliondoka nalo?"

Siwajibu akafikiri. Hakuwahi kuulizwa hivyo, wala kujiuliza. "Nilikuwa papo hapo," alijibu polepole.

"Ndege hao wa kichwani wamekula nini hapo ulipo? Nionyeshe mabua."

Siwajibu alifumba macho, akatafuta. Aliyasikia makelele, ndiyo, yaleyale ya siku zote. Akatafuta mahali palipoliwa. Hakupaona.

Alipofumbua macho, mtani alikuwa amenyoosha kiganja. "Leo sitaki jogoo," alisema. "Nataka kamba hiyo. Utani."

Siwajibu akaubana mkono kifuani. "Chochote kingine, Nambunga. Nina mbuzi."

"Mbuzi mwenyewe umemkondesha kwa makopo. Nataka kamba. Na siwezi kukufungua mimi, maana mtani hupewa, hanyang'anyi mkononi. Ukininyima, nitakwenda kulitangazia bonde zima kwamba Siwajibu binti Mkumba amemnyima mtani kipande cha kamba."

Kumnyima mtani ni aibu isiyosafishika. Siwajibu akaanza kufungua. Fundo lilikuwa la miaka, limekaza, ilibidi atumie meno. Kamba ilipotoka aliona ngozi nyeupe, laini, imezunguka kifundo kama bangili. Mkono ulikuwa mwepesi mpaka ukamtisha.

Na wakati huohuo, wanangu, ndege wakashuka. Kundi zima lilitua kwenye mabua kuokota punje zilizodondoka wakati wa kuvuna. Mkono wa Siwajibu ulivuta wenyewe, ukavuta hewa. Hakuna kopo lililolia. Wazo la mtoni likaja na mabawa yake yote, naye, kwa kuwa hakuwa na cha kulifukuzia, akaliacha.

Likapita. Kwelea nao walikuwa wakilia shambani, na akasikia kwamba kelele za shamba na kelele za kichwani zilikuwa zikisikika mahali pamoja, pakubwa, ambapo hapakuwa na ukuta. Alitafuta yeye anaishia wapi na mbingu zinaanzia wapi, asipate mpaka. Ndege waliinuka wote kwa pamoja. Palepale walipokuwa wametua palikuwa pametulia, na palikuwa pametulia hata walipokuwapo. Siwajibu akaanza kucheka, na katika kucheka akalia. Alilia kwa nafuu aliyoipata, nafuu ya mtu aliyetua mzigo akakumbuka kwamba ana shingo.

Kisha akalala usingizi, mchana kweupe, mdomo wazi. Bi Nambunga alimfunika kanga, akashuka na kamba yake. Njiani alikamata na jogoo mmoja wa Siwajibu, akamfunga miguu kwa kamba ileile. Alisema si vizuri kwenda na kamba tupu.

Msidhani mawazo yalikoma. Usiku uleule yalikuja. Lakini makopo ya mpapai yalikwisha kuteremshwa, na majirani walioamka kwa mazoea waliona kimya, wakaogopa kwamba mama wa watu amekufa, wakaja kubisha hodi. Bi Hadia naye alipata habari. Alikuja kutembea, akalala, akaamka asubuhi akiwa amechelewa kuswali. Baada ya siku chache alimleta Sikudhani mwenyewe, na mfuko wake wa nguo.

Mjukuu akazaliwa, wa kike, mzima. Nyumba ikajaa furaha na harufu ya uji wa pilipili manga. Siwajibu alimshika mtoto kwa mkono wa kulia, akaona jinsi kichwa kidogo kilivyolala juu ya ile bangili ya ngozi nyeupe, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Lakini Sikudhani hakulala. Alimwinamia mtoto, akaweka sikio puani, akakaa, akainama tena. "Mama, anapumua? Mama, kanyamaza sana. Mama, akiugua je? Nikisinzia je?" Siwajibu alimtazama mwanawe, akaiona kamba mkononi mwake, ijapokuwa hakuna kamba.

Alikaa kando yake kitandani. "Mtoto tutamlinda, mwanangu, kwa zamu, mimi na wewe. Shamba lazima lilindwe. Lakini hayo yanayokujia kichwani usiyavutie kamba. Yaache yapite, wewe si shamba lao. Mbingu hazifukuzi ndege."

Sikudhani hakuelewa yote. Aliuelewa mkono uliokuwa juu ya bega lake. Aliegemea, akasinzia, na bibi akashika zamu.

Ndivyo ilivyoanza. Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba ni methali ya wavivu, wa kukaa wakatazama mpunga ukiliwa. Siwajibu aliamia shamba lake mpaka uzeeni, na jioni alishuka dunguni akaziacha kamba kulekule. Na sasa twangeni, lakini taratibu. Mama wa bibi harusi, mnamwona pale, ameegemea gunia, amelala na kijiko cha pilau mkononi. Mwacheni. Wageni watafika, mchele utatosha au hautatosha. Mbingu hazifukuzi ndege.