Aliyeonja Kwanza

Ngo, ngo, ngo. Bwana Kaseka, afisa leseni mpya aliyehamia huku Uchagani, alifika na mgambo wake, akagonga mlango wa Ndeshi usiku wa manane hadi mtoto akaamka na majirani wakawasha taa, wakachungulia dirishani.

“Unauza pombe ya mbege bila leseni. Pipa liende kwangu, au wewe uende mahabusu.”

Ndeshi, akiwaza mtoto angenyonyeshwa na nani, akayamwaga maneno mbio mbio: “Chukua baba, chukua lote, ila pipa ni zito, mgambo wako alainishe koo kwanza, mimi nanyonyesha, pombe siigusi, onja wewe kisha umpe.”

Kaseka akachota kwa kata, akaonja, akaramba midomo, akampa mgambo, Mzee Kiwoso, mwenyeji wa huku, naye akanywa.

“Mzee wangu,” Ndeshi akauliza, “hapa kwetu mbege huonjwa kwanza na nani?”

“Na mwenyewe, mama. Mgeni hanywi kabla mwenye pombe hajaonja.”

“Na hii kaionja nani kwanza?”

Mgambo akamgeukia mkubwa wake. “Afande, leseni yako iko wapi?”

Kaseka akaitua kata taratibu. “Mama, haya yaishie hapa.”

“Simwambii mtu mwingine,” Ndeshi akaahidi. “Hawa walioko dirishani wanatosha.”