Nani Kamtoa Mize Mdomoni mwa Jitu?

Haya sogeeni, sogeeni! Mwenye masikio ayasafishe, mwenye kicheko akishike kwa mikono miwili, maana hii ukiicheka mapema utapaliwa. Nikiuliza "Yupo?" nyinyi semeni "Alikuwepo!" Yupo? Alikuwepo!

Alikuwepo mwanamke mmoja, Mize wa Kingoji. Mwembamba huyo! Ukimtazama kwa ubavuni unadhani kaondoka. Kazi yake kulinda misafara ya chumvi, na silaha yake sime moja fupi. Wenzake wakisikia nyoka wanaita watu. Mize akisikia nyoka anauliza, "Yuko wapi?"

Sasa Mize alikuwa na watu watatu wa karibu, na kila mmoja Mungu kampa chake.

Wa kwanza Bi Zamda, mjane, mshona ngozi, nyumba yake imepakana na ya Mize ukuta kwa ukuta. Huyu kapewa mikono. Ngozi ya mbuzi ikipita kwake inatoka laini kama shavu la kichanga, lakini kuichana sasa, utavunja kisu.

Wa pili Mzee Vuai, mpiga ngoma wa maharusini. Huyu kapewa masikio. Mtu akipita nje Vuai anakwambia, "Huyo goti la kushoto linamuuma." Wasichana wote wa Kingoji kawafundisha yeye kucheza. Akipiga ngoma akasema "Paa!" basi wote wanaruka kwa pamoja, hata usingizini mwenye kufunzwa na Vuai ukimwambia "Paa!" utamkuta darini.

Wa tatu Sikudhani, wifi yake Mize, dada wa mumewe. Huyu kapewa mdomo. Loo! Akiita kuku wake, vijiji vitatu vinafunga milango, wanadhani vita. Na huo mdomo haulali: alichokiona anakisema, asichokiona anakisema kwanza.

Basi likaja jitu. Jina lake Korongwe. Likakaa kwenye mlango wa mlima, palepale njia ya chumvi inapopita, likasema hapiti mtu. Mwaka mzima Kingoji wakala bila chumvi! Mchuzi ukawa kama maji ya kuoshea miguu. Wanaume wakaanza kuwaambia wake zao, "Umenichoka, siku hizi hunipikii," na wake wanajibu, "Nikutilie machozi yangu?" Ndoa zikawa zinayumba.

Mashujaa saba wakaenda kulipiga. Wote wamevaa deraya za chuma, kuanzia shingoni mpaka vifundoni. Wakitembea ni kelele tupu, kama sanduku la vyombo linateremshwa ngazi. Jitu linawasikia tangu bondeni, linanyoosha mgongo, linawangoja. Na wao wakifika wamechoka, hawainami, hawaruki, hawakimbii. Linawapiga kama mtu anayetwanga. Faki, mume wa Mize, alikuwa wa sita. Alirudi kabebwa, miguu yote miwili imevunjika. Wa saba hakurudi. Ilirudi deraya yake tu, imebinywa kama ganda la muwa.

Siku hiyo hakucheka mtu Kingoji.

Mize akaenda kwa Jumbe. "Mie nakwenda."

Wakamvika deraya moja iliyobaki nzima. Kupiga hatua moja, puu! Kaanguka chali, miguu juu, hawezi kuinuka.

"Wifi!" Sikudhani akapiga ukelele. "Umegeuka kasa? Tukuletee mchanga utage?"

Mji mzima ukacheka. Jumbe akakohoa, akasema, "Mize, mwanangu, kwa heri. Tutakukumbuka kwa wema."

Mize akatolewa mle ndani na wanaume wanne. Akajifuta vumbi. Moyoni alikuwa anaogopa, tena sana, lakini aliiona miguu ya Faki imefungwa vijiti, akaona kuogopa akiwa kakaa hakuna faida, bora aogope akiwa anakwenda.

Bi Zamda akamshika mkono. "Chuma si chako. Njoo."

Siku saba Bi Zamda hakulala. Akachukua ngozi nne za mbuzi, akazitwanga, akazipaka mafuta ya nazi, akazitwanga tena, akazishona moja juu ya nyingine. Ikatoka fulana. Mize kuivaa, akaona kama hajavaa kitu.

"Bi Zamda, hii itazuia rungu?"

"Rungu? Thubutu! Rungu likikupata, hata ukivaa mlima. Hii ni ya kucha. Rungu ulikimbie mwenyewe."

Kulikimbia ndiko alikofunzwa na Mzee Vuai. Vuai alikaa siku tatu bondeni, chini ya mlango wa mlima, kusikiliza tu jitu linavyopumua. Akarudi, akaweka ngoma yake mapajani.

"Sikiliza. Likiinua rungu linavuta pumzi. Moja. Linaishika. Mbili. Ya tatu linashusha. Wewe uondoke kwenye mbili na nusu."

"Na nikiondoka kwenye mbili?"

"Litakuona, litakufuata."

"Na kwenye tatu?"

"Hapo hutaniuliza tena."

Wakacheza mpaka kiuno cha Mize kikawa kinahesabu chenyewe. Kila mara Vuai anapiga ngoma, "Kulia! Kushoto! Paa!" na Mize anaruka.

Na Sikudhani je? Sikudhani hakushona, hakufunza. Kazi yake kukaa kibarazani na kuuliza, "Wifi, ukifa, ile kanga yako ya maua naichukua au unazikwa nayo?" Lakini siku ya kwenda, alifuata nyuma kwa miguu yake, njia yote, mpaka kwenye jabali linalotazama mlango wa mlima. "Kaka yangu hawezi kutembea," akasema. "Lazima mtu wa nyumba yake aone."

Basi Mize akaingia. Hana kishindo, hana mlio. Jitu lilikuwa limelala, halikusikia kitu mpaka sime ikalichoma unyayoni. Likaruka! Likasimama! Jamani, kivuli chake tu kilimfunika Mize na miti mitatu.

"Huyu ndiye wa nane?" likacheka. "Wenzio walikuja kama masufuria. Wewe umekuja kama kijiko!"

"Kijiko ndicho kinachomaliza chakula," Mize akasema.

Jitu likainua rungu. Likavuta pumzi. Mize akasikia ngoma kichwani: moja, mbili, na nusu, akazungusha kiuno kushoto. Rungu likashuka mahali alipokuwa amesimama, shimo lake ukitia ng'ombe haonekani. Hapo bila Vuai, Mize kwisha.

Likaacha rungu, likamvamia kwa mkono wa kushoto, kucha kama majembe. Zikampata ubavuni barabara! Mize akafumba macho. Lakini ile ngozi na yale mafuta ya nazi, kucha zikateleza, shwaa, zikaondoka na ngozi mbili kati ya zile nne, nyama ya Mize hazikuigusa. Hapo bila Bi Zamda, Mize kwisha.

Jitu likakasirika kikwelikweli. Likashika rungu kwa mikono miwili, na safari hii halikuinua. Likafyeka kwa chini, kama mtu anayekata majani. Bila kuvuta pumzi! Ngoma kichwani mwa Mize ikanyamaza. Kulia hakuna njia, kushoto hakuna njia, na ngozi ya mbuzi haizuii rungu.

Hapohapo kule juu jabalini, mdomo ukafunguka:

"PAAAA! PAAAA!"

Mlima ukaitikia. Mize hakufikiri, miguu yake ndiyo iliyosikia. Akaruka! Rungu likapita chini ya nyayo zake likavuma. Jitu kwa nguvu zake mwenyewe likazunguka mara moja, mara mbili, likalegea kama mlevi, na Mize anatua akalikata ukano wa kisigino. Likapinduka, likaporomoka korongoni. Mpaka leo halijapanda.

Mize akapanda jabalini mbio, akamkumbatia Sikudhani machozi yanamtoka. "Wifi! Ulijuaje?"

"Nilijuaje nini?"

"Kwamba linafyeka chini! Umenambia niruke!"

Sikudhani akamkodolea macho. "Nikwambie wewe? Nilikuwa namwona paa! Mnyama! Kapita hapo chini, mnono, ana makalio hivi! Nikasema mwaka mzima hatujala cha maana, labda watu wa bondeni watamkamata. Mmempata?"

Kha! Mize akakaa chini akacheka mpaka mbavu zilizonusurika na kucha zikamuuma.

Njia ikafunguka, wakarudi Kingoji na chumvi gunia zima. Ikapikwa pilau, ya kwanza yenye chumvi baada ya mwaka! Watu wanalia kwa harufu tu. Mize akanawa, akanyoosha mkono kwenye sinia. Jumbe akalivuta sinia.

Kwa sababu Kingoji wana mila yao. Mtu akiponea mdomoni mwa kifo, lazima asimame mbele ya watu amtaje aliyemtoa. Huyo anakuwa mzazi wake wa pili: aliyepona atabeba jina la mzazi huyo, atamlea uzeeni, atamzika. Ni mmoja tu, maana hakuna mtoto aliyezaliwa na matumbo mawili. Na asipotaja, basi hajatoka. Yuko kwa wafu bado. Hasalimiwi, halishwi, na jua likizama bila kutaja anawekewa matanga.

Mize akamgeukia mumewe. "Faki?"

Faki akatazama pembeni. "Naona upepo umevuma," akasema kwa sauti ndogo. Mila ni mila.

Bi Zamda akasimama. "Mie sisemi kwa tamaa. Lakini siku saba sikulala. Na huko kuruka mnakokusifia, angevaa chuma angeruka? Mlimwona na deraya, alikuwa kasa!"

Mzee Vuai akasimama. "Ngozi haikwepi. Mimi nilikwenda kulala bondeni karibu na lile jitu, nikisikiliza pumzi zake. Na hilo neno 'paa' mnalolipigia makofi, miguu ya Mize ililijulia wapi? Neno langu hilo!"

Sikudhani naye akasimama, mikono kiunoni. "Neno lako, mdomo wangu! Ungekuwa wewe pale juu na hiyo sauti yako ya mbu, angesikia nani?"

"Lakini ulikuwa unaita kitoweo!" Vuai akafoka.

"Kwani wewe mvua ikikunyeshea shamba unaiuliza nia yake?"

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Lakini Sikudhani akiwa mama yake Mize, si Faki atakuwa mjomba wake?"

"Mie simo!" Faki akapiga kelele kutoka mkekani.

Jumbe akainua mkono. "Ndoa haivunjiki kwa hilo. Atajwe yeyote kati ya hao watatu. Lakini atajwe."

Mize akawatazama. Bi Zamda, vidole vyake vimejaa matundu ya sindano, nyumbani kwake hakuna wa kumwita mama. Mzee Vuai, anamtazama bila kupepesa, kwa mara ya kwanza masikio yake hayasikilizi kitu kingine. Sikudhani, ambaye kila siku ana la kusema, sasa kanyamaza kimya, na kunyamaza kwake kunatisha kuliko jitu. Jua limeshagusa mnazi. Wanawake wawili wameshaanza kujifunga kanga za matanga. Mize akafungua mdomo.

Haya, mimi hapa ndipo ninapoishia, msinitazame hivyo! Mmoja kafanya kazi, mmoja katoa maarifa, mmoja kaona paa akapiga kelele, na pangepungua mmoja Mize asingekuwepo. Jua linazama, wenzangu. Ungekuwa wewe ndiye Mize, ungemtaja nani?